UKISHAVUTA MAJI CHOONI, YAENDA WAPI?

Somo kuhusu tangi la septiki na utunzaji wake huku kwetu mashambani

Najua ukisoma kichwa cha makala hii utaguna na kusema, "Lo! Mambo ya choo tena katika gazeti letu la Chama cha Kiswahili?" Naam, ya choo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha uchi hazai. Jambo hili tunaliona haya kulitaja, na kwa sababu hiyo linatudhuru kimyakimya. Hebu tulifunue leo.

Kisa chenyewe

Kwetu nyumbani tulitumia choo cha shimo kwa miaka mingi. Halafu mwaka mmoja bonasi ya majani chai ikawa nzuri. Baba akavuta maji ya mfereji hadi nyumbani, akajenga choo cha ndani cha kuvuta maji, vigae na yote. Tulijiona tumefika! Wageni wakija walionyeshwa choo kabla ya kuonyeshwa sebule. Fundi alichimba shimo kubwa upande wa chini wa nyumba, akalifunika kwa saruji, akasema, "Hii septiki mtaisahau kabisa, hata wajukuu wataikuta."

Tukaisahau kweli. Mvua ya masika ya mwaka wa tano ndiyo iliyotukumbusha. Choo kilianza kurudisha maji. Siku mbili baadaye mama alipokuwa akichuma chai alikanyaga maji meusi yenye uvundo kati ya mistari ya michai. Maji yale yalikuwa yakiteremka polepole kuelekea bondeni. Na huko bondeni, msomaji, ndiko kuliko chemchemi inayonywewa na nyumba zaidi ya kumi.

Wiki hiyohiyo watoto wawili wa jirani walikuwa wakiendesha. Je, ni maji yetu yaliyowadhuru? Hakuna aliyeweza kuapa. Lakini nyanya, ambaye sisi twamwita gogo, alikunja uso akasema, "Mimi sitangoja mtoto wa mtu azikwe ndipo nijue." Basi baba mdogo akaleta ngazi na ndoo, akaufungua mfuniko, tayari kushuka ndani ayachote yale matope kwa mikono yake. Alikuwa ameshakanyaga kipago cha kwanza afisa wa afya ya umma, aliyekuwa ameitwa na jirani, alipotokea mlangoni akipiga kelele, "Toka hapo! Toka mara moja!"

Kwa nini alipiga kelele hivyo? Na fundi alikosea wapi? Hayo ndiyo somo letu.

Septiki ni nini?

Chukua kikombe cha chai isiyochujwa, iliyopikwa kwa maziwa. Kiweke mezani kitulie. Baada ya muda utaona mambo matatu: machicha yamezama chini, utando umeganda juu, na katikati kuna chai iliyo safi kidogo. Septiki hufanya vivyo hivyo. Maji ya choo yakiingia na kutulia, vitu vizito huzama na kuwa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea na kuwa utando mzito. Maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda nje.

Ndani ya tangi mna viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi mahali pasipo hewa. Hivi hula kinyesi na kukipunguza, huku vikitoa gesi. Lakini havikimalizi chote. Kila mwaka tope huongezeka kidogo chini.

Tangi la namna hii lina historia. Mfaransa Jean-Louis Mouras, wa mji wa Vesoul, alilijenga miaka ya 1860. Alipolifungua baada ya miaka kadhaa alishangaa kukuta kinyesi kigumu ni kidogo mno. Akapata hataza ya uvumbuzi wake mwaka wa 1881. Kule Uingereza, katika mji wa Exeter, Donald Cameron alijenga lake mwaka wa 1895, na yeye ndiye aliyelipa jina hili la septiki.

Sasa shika jambo moja, na ukisahau mengine yote usisahau hili: SEPTIKI HAIUI UCHAFU, HUUTENGANISHA TU. Maji yanayotoka ndani yake, hata yakiwa meupe namna gani, yangali na vijidudu vya homa ya matumbo, kipindupindu na kuhara, na mayai ya minyoo pia. Kazi ya kuyasafisha hufanywa na udongo huko nje. Kwa hiyo septiki ina sehemu mbili: tangi lenyewe na ardhi inayoyapokea maji yake. Watu wengi hujenga ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kisima cha London

Usidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwaka wa 1854 kipindupindu kilizuka mtaa wa Broad Street, jijini London, kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alichunguza, akaona wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu hiyo uliondolewa tarehe 8 Septemba 1854. Baadaye shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilifukuliwa. Likapatikana limebomoka matofali, nalo halikuwa hata mita moja kutoka kisimani. Katika nyumba hiyo kulikuwa na mtoto mchanga aliyeugua, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa shimoni humo.

Shimo lilikuwa la nyumba moja, msiba ukawa wa mtaa mzima. Huku kwetu nyumba huwa juu ya kilima, michai mteremkoni, na maji ya kunywa bondeni. Aliye juu ndiye mwenye choo na aliye chini ndiye mnywaji. Mito yetu kama Kipsonoi, Itare na Chemosit huishia katika Mto Sondu, nao Sondu humwaga maji yake Ziwa Viktoria. Kwa hivyo hata jirani wa chini ana jirani wa chini zaidi.

Makosa ya septiki yetu

Afisa yule alikagua, akatuhesabia makosa kwa vidole:

(a) Shimo halikuwa na sakafu. Lilikuwa shimo tu lenye mfuniko. Maji yaliingia ardhini moja kwa moja bila kutulia.

(b) Halikuwa na ukuta wa kati. Septiki nzuri ina vyumba viwili. Cha kwanza huchukua theluthi mbili za urefu, ndimo tope jingi hubakia. Cha pili huchukua theluthi moja na kutuliza yaliyobaki.

(c) Bomba la kutokea lilikuwa limenyooka tu. Linatakiwa liwe na umbo la herufi T, mguu wake uzame chini ya utando ili lichukue maji ya katikati peke yake. Letu lilitoa utando pamoja na maji, likaziba shimo la kunyonya.

(d) Maji ya mvua ya paa yalielekezwa humohumo. Katika nchi ya Kericho, ambako sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 1,800 za mvua kwa mwaka, hilo ni kosa kubwa. Mvua moja kubwa hulivuruga tangi lote na kulisukuma tope nje.

(e) Lilikuwa karibu mno na chemchemi, tena upande wa juu wake. Afisa alisema shimo la kunyonya lisiwe chini ya mita 30 kutoka kisima au chemchemi. Tena kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi, hata wakati wa masika.

Ndugu msomaji, nenda kaangalie ya kwenu. Huenda ukapata matatu kati ya hayo matano!

Tupige hesabu

Wanaosema hisabati haina kazi na wasome hapa. Kuna kanuni ya Waingereza ya kukadiria ukubwa wa tangi:

Ujazo kwa lita = (180 × idadi ya watu) + 2,000

Nyumbani kwetu tuko watu 8. Basi 180 × 8 = 1,440. Ongeza 2,000 upate lita 3,440. Sasa chimba tangi ambalo maji yake yatakuwa na urefu wa mita 2.4, upana wa mita 1 na kina cha mita 1.5. Zidisha: 2.4 × 1 × 1.5 = mita za ujazo 3.6, yaani lita 3,600. Linatosha. Chumba cha kwanza kitakuwa na urefu wa mita 1.6, na cha pili mita 0.8. Juu ya maji acha nafasi ya sentimita 30 hivi kwa ajili ya utando na hewa. Hicho ni kima cha chini. Huku ambako lori la kunyonya maji taka, lile watu huliita egzosta, halifiki kwa urahisi, afadhali kuongeza kuliko kupunguza.

Namna ya kuiboresha iliyo mbovu

Hatukuwa na pesa za kuanza upya kila kitu. Baba aliuza mtamba mmoja. Kazi ikafanywa hatua kwa hatua, nawe waweza kufuata hivi:

Kwanza, ondoa maji ya mvua. Mfereji wa paa uelekezwe kwenye tangi la kuvunia maji. Hili halina gharama kubwa, na laweza kufanywa leo.

Pili, tenganisha maji ya jikoni. Yapitie kwanza kwenye karo dogo la kunasa mafuta, ndipo yaende. Mafuta ya kupikia yakipoa huganda ndani ya bomba kama mshumaa.

Tatu, jenga tangi lenye sakafu ya zege, kuta zilizopigwa lipu isiyovuja, vyumba viwili, na mabomba ya T. Bomba la kuingilia liwe juu kidogo kuliko la kutokea, kama sentimita 5 hadi 8. Kila chumba kiwe na mfuniko wake, mzito, ambao mtoto hawezi kuuinua. Weka pia bomba refu la kutolea gesi, lenye wavu mdomoni wa kuzuia nzi na mbu.

Nne, pima ardhi. Chimba kishimo hadi kina ambacho maji yatatolewa, ukijaze maji, ukiache kilowe usiku kucha. Asubuhi kijaze tena uangalie. Yakikaa humo kutwa nzima, ardhi hiyo hainyonyi. Yakipotea kwa dakika chache tu, ardhi inapitisha haraka mno na haitayachuja vizuri. Udongo wetu mwekundu wa milimani kwa kawaida hunyonya vyema, lakini ukikaribia kinamasi mambo hubadilika.

Tano, sambaza maji. Badala ya shimo moja refu, sisi tulichimba mitaro miwili isiyo na kina kirefu, iliyofuata ukingo wa kilima badala ya kuteremka. Ndani tukaweka kokoto na mabomba yenye matundu, tukafunika kwa udongo na nyasi. Usipande sukumawiki wala kitunguu juu yake. Wala usipande mikaratusi karibu. Mizizi yake hufuata maji na kuingia ndani ya bomba.

Lile shimo la zamani lilinyonywa, likamwagiwa chokaa, likafukiwa.

Na kama maji ya mfereji hayajafika kwenu, usijilazimishe septiki. Choo cha shimo kilichoboreshwa, chenye bomba refu la hewa na wavu wa nzi, ni choo cha heshima. Kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, nacho kimekomboa watu wengi. Wengine hujenga mashimo mawili yasiyo na kina kirefu: moja likijaa hufungwa kwa miaka 2 huku jingine likitumika. Kwa baridi hii ya kwetu muda huo ni lazima, kwa sababu mayai ya minyoo hayafi upesi.

Utunzaji wa kila siku

Septiki ni kama tumbo. Ukililisha vibaya, litaugua. Usitupe ndani yake: sodo, nepi, mifuko ya plastiki, nguo kuukuu, magunzi, majivu, mafuta, rangi, wala mabaki ya dawa ya kuua magugu. Dawa kali za kusafishia zitumiwe kidogo kidogo, maana zikizidi huua vile viumbe vinavyotufanyia kazi. Weka ndoo yenye kifuniko msalani kwa ajili ya sodo. Tena wavulana msicheke hapa. Ni jambo la kawaida nyumbani.

Wapo wauzao unga na dawa za kumimina ati septiki isijae kamwe. Wengine humimina hamira. Hapana haja. Viumbe vinavyohitajika huja na kinyesi chenyewe, na hakuna unga utakaoifanya isihitaji kunyonywa.

Gari wala trekta lisipite juu ya tangi au mitaro.

Kila mwaka pima tope. Chukua mti mrefu, uufunge kitambaa cheupe upande wa chini, uushushe mpaka sakafuni ukiwa umesimama nje. Ungoja dakika moja au mbili, kisha uvute polepole. Sehemu iliyochafuka kwa weusi ndiyo kimo cha tope. Tope na utando vikifika pamoja theluthi moja ya kina cha maji, ni wakati wa kunyonya. Kwa tangi la kina cha mita 1.5 ni sentimita 50. Kwa familia nyingi hutokea kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Ita lori wakati wa kiangazi, kama Januari au Februari, barabara ikiwa kavu. Ukingoja masika, lori litakwama matopeni nawe utalipa na hujahudumiwa. Tena uliza: mzigo huu unapelekwa wapi? Aliyeruhusiwa kisheria huupeleka kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka. Anayemwaga mtoni usiku amekuondolea uchafu wewe na kuwapelekea wengine.

KAMWE USIINGIE NDANI

Sasa turudi kwa baba mdogo na ngazi yake. Ndani ya septiki hujaa gesi. Moja hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, ukadhani imekwisha. Nyingine haina harufu kabisa, nayo hushika moto kwa urahisi. Kwa hiyo sigara, kibatari na kiberiti vikae mbali. Tena hewa ya kupumua humo ni kidogo mno. Mtu huanguka kwa pumzi mbili tatu, kabla hajaita.

Magazeti yetu yameripoti mara nyingi misiba ya namna hii. Mmoja aliingia akaanguka. Wa pili, ndugu yake, akaruka kumwokoa, naye akaanguka. Wa tatu vivyo hivyo. Upendo wenyewe ndio uliowaua. Mtu akianguka ndani, usimfuate. Piga kelele, ita wazima moto au polisi, mshushie kamba kama angali na fahamu. Najua ni vigumu kusimama ukingoni ukitazama. Lakini maiti mbili si msaada kwa maiti moja.

Baba mdogo siku hiyo alikasirika, akasema anafanywa mtoto. Leo yeye mwenyewe ndiye huwafukuza watoto wakisogelea mfuniko.

Sheria yasemaje?

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya mazingira safi ya usafi wa mwili na choo, na haki ya maji safi na salama. Huduma za maji na usafi ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo usiogope kumwita afisa wa afya ya umma. Ushauri ni kazi yake. Lakini haki yako ya choo haikupi ruhusa ya kumnyima jirani haki yake ya maji.

Tamati

Mpenzi msomaji, wino unaniishia. Mitaro yetu sasa imeota nyasi nzuri. Mvua hunyesha, choo hakirudi, na gogo huteka maji ya chemchemi, japo huyachemsha kwanza. Juzi nilimuuliza kwa nini anayachemsha na tumeshatengeneza yetu. Akanijibu, "Yetu, ndiyo. Na ya wengine walio juu yetu je?"

Basi likizo hii, kabla hujaenda kucheza mpira, uliza nyumbani: ukishavuta maji, yaenda wapi? Ukikosa jibu, umepata kazi. Kwaheri ya kuonana.

MASWALI

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mambo matatu yanayotokea maji ya choo yakitulia ndani ya tangi.
2. "Septiki haiui uchafu, huutenganisha tu." Fafanua.
3. Familia ina watu 11. Kwa kanuni uliyofunzwa, tafuta ujazo wa tangi lao kwa lita. Kisha pendekeza urefu, upana na kina.
4. Tangi lina maji ya kina cha mita 1.2. Tope na utando vikifika sentimita ngapi, ni wakati wa kunyonya?
5. Taja mambo mawili utakayofanya, na moja ambalo hutafanya, mtu akianguka ndani ya septiki.
6. Mjadala wa chama: "Mwenye choo kilicho juu ndiye mlinzi wa maji yaliyo chini." Unga mkono au pinga.